Breki ya Mwalimu

Ofisini, kwenye meza yako,
Jumatano asubuhi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea na shikamoo ya mkweo, aliyetoka sasa hivi kwenda kazini na kuniachia agizo nikwambie kwamba redio yako bado inaongea, ingawa siku hizi inashika stesheni moja tu na yenyewe ni ya matangazo ya vifo. Hujambo lakini? Goti linakwendaje? Na lile sikio unalosema ni zima, na sisi sote tunajua si zima, nalo halijambo? Sisi huku tuko salama, kwa maana ya kwamba tunakula, tunacheka na gari linawaka kila asubuhi. Kuhusu uzima wangu mimi mwenyewe nina maneno mengi, ndiyo sababu naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati, na mimi ningekubali kukatizwa, kama kawaida yetu. Barua haina wa kuikatiza. Basi vaa miwani, kaa mahali penye mwanga, soma mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Kaka alipopiga juzi aliniambia kioo cha kushoto cha gari lake kimevunjika tena pale getini, mara ya pili tangu mwaka uanze. Alicheka mpaka akapaliwa. Anasema mzee ambaye wanafunzi walimbatiza jina la Kioo, kwa sababu ya kupiga kelele "kioo! kioo!" kwenye kila kona kwa miaka thelathini na moja, leo hii ndiye anayevivunja. Akasema wewe unalaumu geti, eti ni jembamba. Haya, tuliache geti kwanza, tutalirudia.

Habari yenyewe ni kwamba daktari amekataa kunisainia cheti cha afya. Unakumbuka kile tunachopeleka kila baada ya miaka miwili ili leseni ya kufundisha udereva ihuishwe. Nilikwenda miezi mitatu iliyopita nikiwa na haraka zangu, nimeacha mwanafunzi nje kwenye gari, nikidhani ni kazi ya kugonga muhuri. Daktari mwenyewe ni binti mdogo, hajafika hata umri wangu, anaongea taratibu mpaka unatamani umsukume. Akanifunga kile kitambaa mkononi, akapima. Akapima mkono wa pili. Akaniambia nikae dakika kumi nisiongee, jambo ambalo unajua kwangu ni adhabu, akapima mara ya tatu. Mia moja sabini na nane juu, mia moja na nne chini. Akanitoboa kidole, sukari nayo imepanda. Akasema hasaini. Ananipa miezi mitatu. Presha ikishuka na kutulia atasaini kwa mikono miwili, isiposhuka basi nitafute kazi ambayo roho za watu hazimo mikononi mwangu.

Baba, wewe unajua maana yake. Mwalimu hapa ni mimi peke yangu. Bila cheti hakuna leseni, bila leseni mlango huu unafungwa, na lile bango ulilolipaka rangi kwa mkono wako linashushwa. Nilimwambia yule binti kwamba amekosea mtu. Nikamwambia mimi si mtu wa mawazo. Sinung'uniki, silii hovyo, wanafunzi wananiita Mama Breki, na tangu nianze kazi hii miaka kumi na mmoja iliyopita gari langu halijapata hata mkwaruzo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akachungulia chini ya meza na kuniuliza kama kuna mtu anataka kuvuka barabara. Nami nikatazama chini. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umeikandamiza sakafu ya hospitali mpaka goti linatetemeka.

Nilicheka, lakini kicheko hakikufika mbali, maana siku hiyohiyo nilipitia kwa fundi viatu kuchukua viatu vyangu. Akaniwekea jozi mezani na kuniuliza kama jozi hiyo ni ya watu wawili tofauti. Soli ya kushoto ilikuwa nzima. Ya kulia ilikuwa imelika mahali pamoja, chini ya kidole gumba, imebaki karatasi. Mkweo naye, nilipomwonyesha, akasema hilo halimshangazi hata kidogo, kwani mimi hufunga breki hata tukiwa tunakula, na sofa letu linaweza kutoa ushahidi.

Unajua mguu huo nimeutoa wapi. Siku ya kwanza uliyoniweka kwenye kiti cha mwalimu, ukanionyesha kanyagio la pili ulilolifunga wewe mwenyewe na fundi wako, ukaniambia mguu usiondoke juu ya breki hiyo hata nzi akikuingia jichoni. Nikatii. Sijui kama kuna mtoto aliyewahi kumtii mzazi wake kwa kiasi hicho.

Yule daktari akanieleza kinachotokea ndani, nami nakueleza kwa lugha ya gereji ili tuelewane. Juu ya kila figo kuna kitezi kidogo kimekaa kama kofia. Ubongo ukiona hatari unavipigia honi vitezi hivyo viwili, navyo vinamwaga homoni kwenye damu. Ya kwanza ni adrenalini, hiyo haina subira: moyo unakwenda mbio, mishipa inabana, ini linafungua sukari liliyoiweka akiba, damu inatoka tumboni na kukimbilia miguuni na mikononi ili mtu apigane au atimue mbio. Inayofuata inaitwa kotisoli. Hiyo ni ya taratibu, inakuja kuhakikisha mafuta hayakatiki safarini. Inashikilia sukari juu, na inauamuru mwili uweke kando kazi zote zinazoweza kungoja, kama kuponya vidonda, kufukuza mafua, kusaga chakula, kulala usingizi wa maana. Hatari ikipita, zote zinashuka na mtu anarudi kuwa mtu.

Alisema mpango huo ni mzuri sana, ndio uliotufikisha hapa binadamu wote, ila umetengenezwa kwa hatari inayokuja na kuondoka. Mtu ambaye hatari yake haiondoki ni sawa na gari lililoachwa linaunguruma getini kutwa kucha. Halijakwenda popote, lakini tangi linakauka na injini inachoka. Ndipo nikaanza kuhesabu. Kidonda changu cha kisigino, malengelenge tu ya kiatu, kilichukua miezi miwili kupona. Mafua mara tatu ndani ya msimu mmoja. Lile tumbo ulilolicheka nilipokuja mara ya mwisho, ukauliza kama unatarajia mjukuu. Usingizi unaokatika alfajiri kana kwamba mtu kanigusa bega. Vyote hivyo nilikuwa naviita uzee, na mimi nina miaka arobaini na miwili!

Kilichonichoma zaidi ni jambo moja alilolisema akiwa ananiandikia vidonge, bila hata kuinua kichwa. Alisema mwili haujui tofauti kati ya lori linalokuja na lori unalolifikiria. Vitezi vinamwaga vilevile.

Basi nikaingia kazini, maana ukinipa mtihani mimi nafanya mtihani. Nikameza vidonge bila kukosa. Nikapunguza wanafunzi kutoka tisa kwa siku hadi sita. Nikaanza kuja ofisini kwa miguu, mwendo wa nusu saa, na wauza magazeti wote sasa wananijua. Chakula cha mchana nakula nje, chini ya kivuli cha ukuta, siyo tena ndani ya gari na mkate mapajani. Na siku moja nikaamua kuuchunguza huu mguu.

Kuna mwanafunzi mmoja, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, mama mcheshi ambaye alianza kwa kukanyaga mafuta kama anashona pindo la pazia. Kwangu alifika mahali pazuri kabisa. Anakata kona vizuri, anasimama vizuri, hana papara. Akaenda kwenye mtihani wa barabarani, akafeli. Akarudi kwangu masomo sita, akaenda, akafeli tena. Mara zote mtahini aliandika kitu kimoja, kwamba anachelewa kufunga breki. Nilikasirika, nikataka kwenda kugombana na mtahini. Kwenye gari langu mama huyu hajawahi kuchelewa hata siku moja! Nimeshika kitasa cha mlango ndipo nikaganda. Hajawahi kuchelewa kwenye gari langu kwa sababu nilikuwa nafunga mimi. Kidogo tu, unyoya, kabla yake. Sikujua kama nafanya, na yeye hakujua kama anafanyiwa. Masomo thelathini na sita nimemfundisha kuendesha gari la watu wawili, kisha nikampeleka akaendeshe peke yake.

Nikampeleka kwenye uwanja mtupu nyuma ya ghala la saruji, nikarudisha miguu yangu yote miwili chini ya kiti, nikakaa kama abiria. Baba, nilitokwa jasho mpaka kwenye kope. Mara ya kwanza alisimama kwa kishindo, mkoba wangu ukaruka ukagonga kioo cha mbele. Akageuka akaniuliza gari limeharibika nini leo, mbona limekuwa zito. Nikamwambia halijaharibika kitu, leo ndiyo mara yake ya kwanza kuendesha. Alininunia dakika nzima, halafu akacheka, halafu akarudia mpaka akaweza. Mtihani wa tatu alipita, na kiti ninachokalia sasa kina mto wenye foronya mpya aliyoishona yeye. Usidhani nawaachia watu wagonge. Mguu upo karibu. Ila haupo tena juu. Na wanafunzi wangu, nakwambia kwa majivuno kabisa, sasa wanapita zaidi kuliko wakati wowote, hata kuliko wakati wako, samahani sana.

Mwezi wa pili wa ile mitatu presha ilikuwa imeshuka hadi mia moja na hamsini, ikagoma hapo. Haipandi, haishuki. Daktari akanivalisha mashine ndogo inayofungwa mkononi siku nzima usiku na mchana, inajipima yenyewe kila robo saa, nami niandike kwenye karatasi nilikuwa nafanya nini kila ikibana. Nilikuwa na hakika nitamwonyesha kazi ndiyo mbaya. Nikaandika kila kitu: hapa mwanafunzi kazima gari kwenye mzunguko, hapa pikipiki imetukata mbele, hapa mbwa. Nilipomrudishia, akaisoma kwenye kompyuta, akakunja uso. Kwenye mzunguko, mia moja thelathini na sita. Kwenye pikipiki, mia moja na arobaini, ikashuka papo hapo. Mbwa hata hakuonekana. Namba kubwa kuliko zote, mia moja sabini na sita, ilikuwa saa moja na robo asubuhi. Akatazama karatasi yangu. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: nyumbani, nimekaa, nakunywa chai.

Akaniuliza kuna nini saa moja na robo. Nikasema chai ilikuwa ya moto. Nilimdanganya, Baba, mtu anayetaka kuokoa kazi yangu, nikamdanganya nikimtazama machoni. Akasema sawa, lakini ikawa wazi kwamba haikuwa sawa, akanipangia niivae tena mashine wiki ya mwisho kabla ya kuamua. Siku ya kuivaa ni Jumanne ijayo.

Halafu shule zikafungwa. Nimenunua kipimo changu cha nyumbani, nakiweka kando ya sukari mezani, napima kila asubuhi. Wiki ya kwanza ya likizo, saa moja na robo, mia moja ishirini na nane. Kesho yake mia moja ishirini na sita. Mkweo akaruka akanikumbatia, akasema tumepona. Mimi nikaenda kuoga ili nipate pa kulia, kwa sababu sasa nilikuwa nimejua bila shaka, na nisingeweza tena kusingizia chai.

Saa moja na robo asubuhi ndiyo saa ambayo wewe unatoa gari la Kaka getini, wajukuu wawili wamekaa nyuma na mabegi yao, unawapeleka shule.

Sasa soma hapa polepole. Unakumbuka siku ile, miaka miwili iliyopita, kabla hujahamia kwa Kaka. Ulitaka uzunguke mji mara moja ya mwisho na gari la chuo, wewe kwenye usukani, mimi kwenye kiti cha mwalimu, tukacheka kwamba leo mtoto anamfundisha baba. Pale kwenye njia panda ya posta, yule mama muuza mayai alitokea kushoto na baiskeli yake, makreti yamepangwa nyuma mpaka juu ya kichwa. Gari likasimama hatua moja kutoka kwenye gurudumu lake. Hata yai moja halikuvunjika. Ukashusha pumzi, ukapiga usukani kwa kiganja, ukaniambia umeona, miaka thelathini na moja na mguu haujasahau. Jioni kwenye chakula cha kukuaga ukaisimulia habari hiyo mbele ya watu wote. Kaka akasimama akapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Haikuwa wewe, Baba. Nilikuwa mimi. Wewe ulikuwa unatazama mbele, umetulia, unaniambia habari za fundi wako wa zamani, na mguu wako ulikuwa kwenye mafuta mpaka gari lilipokuwa limekwisha simama. Hukumwona yule mama kabisa. Ulimwona baadaye, alipokuwa mbele ya boneti. Nilifunga mimi, na wewe hukujua kwamba umefungiwa, kama yule fundi cherehani wangu. Yule mama alipotuinulia macho alinitazama mimi.

Kwa nini nilinyamaza? Nimejiambia miaka miwili kwamba nilikuwa nakulindia heshima yako. Uongo. Nilikuwa naogopa uso wako. Sikutaka niwe mimi, kitinda mimba, nitakayekuvua kitu unachokipenda kuliko vyote, na katika gari ulilonifundishia. Nikasema moyoni si neno, anakwenda kupumzika, kule hataendesha. Mwezi haujaisha Kaka akanipigia kwa furaha kwamba umechukua kazi ya kuwapeleka watoto shule, kwamba umemwambia wifi akae apumzike, wewe upo. Nikajibu vizuri sana. Nilisema maneno hayohayo, vizuri sana. Tangu siku hiyo, kila asubuhi ya shule, natazama saa ukutani, mguu wangu unakanyaga sakafu ya jikoni, na hauzuii kitu. Gari la Kaka lina breki moja tu. Simu ikiita kabla ya saa mbili, naidaka kabla haijaita mara ya pili hata kama ni muuza maji. Kioo cha kushoto kilipovunjika mara ya kwanza nilikosa hamu ya kula siku mbili. Kilipovunjika mara ya pili, Kaka anacheka, mimi nilikuwa nimeshika ukuta.

Naogopa, Baba. Naogopa kwa ajili ya wale watoto, na kwa ajili ya mtu mwingine yeyote atakayetokea kushoto, na kwa ajili yako, kwa sababu nakujua, likitokea hutapona hata kama hujaumia popote. Homoni zote zile alizonichorea binti daktari kwenye karatasi, nimekuwa nazimwaga kila asubuhi kwa lori ninalolifikiria. Na lori lenyewe ni wewe, mzee wangu, mtu ninayempenda kuliko wote.

Juzi nilirudi kwake, nikamwambia kweli yote. Hakunigombeza. Aliniambia kitu ambacho nakufikishia kama alivyokisema: macho nayo yana presha yake, na presha hiyo ikipanda huanza kula pembeni, inaacha katikati, kwa hiyo mtu anasoma gazeti na barua bila shida na bado haoni kinachotoka ubavuni. Haiumi. Ikiwahiwa kuna matone ya kuizuia isiendelee, ila kilichokwisha kupotea hakirudi. Hasemi unayo, na mimi sisemi. Tunasema ukapimwe, tena ukapimwe pembeni. Usiende ukawasomee herufi za ukutani ukarudi kifua mbele, herufi najua utazisoma zote.

Kaka hajui lolote. Sijamwambia kwa sababu neno hili ni lako kulisema, na nataka uliseme wewe, kwa sauti yako, ukiwa umesimama. Barua hii naituma leo na basi la mchana, itakufikia kesho au Ijumaa. Shule zinafunguliwa Jumatatu. Jumapili saa kumi jioni nitampigia Kaka. Kama umeshamwambia, nitamsalimia tu na kumuuliza habari za geti. Kama hujamwambia, nitamwambia mimi, yote, kuanzia mayai. Siombi ruhusa katika hilo, Baba, na usinipigie kunibembeleza maana sitabembelezeka. Ni wewe uliyenifundisha kwamba breki inafungwa kabla.

Wifi ana leseni. Alipita mara ya kwanza, ukasema mwenyewe ana mikono mizuri, kisha ukamnyang'anya ufunguo. Mrudishie. Lakini usibaki nyumbani, sijasema ubaki nyumbani! Sijakuandikia kurasa zote hizi ili ukae sebuleni uhesabu vigae. Miaka thelathini na moja ya kazi yako hukushika usukani. Ulikaa pembeni, ukatazama, ukasema, na mamia ya watu wako barabarani leo wakiwa wazima kwa sababu ya ulichowaambia ukiwa kwenye kiti hicho. Kiti hicho bado kiko wazi. Wifi anahitaji mtu wa kumwambia akate kona mapema. Na ukipata nafasi, na kama daktari wa macho atakubali usafiri, njoo huku uwafundishe wanafunzi wangu darasani, wananiuliza kila siku Kioo ni nani, wamechoka kumsikia kwenye hadithi.

Nisalimie Kaka, umpe pole ya kioo. Nisalimie wifi, mwambie avae viatu vyepesi. Wabusu wajukuu, waambie shangazi yao anawaletea kalamu za rangi mwisho wa mwezi. Kama umekasirika, kasirika, mimi nipo na nitapokea. Kama umelia, basi tumelia wawili, maana karatasi hii niliibadilisha mara mbili kwa kulowa.

Jumanne asubuhi nitakuwa nimefungwa ile mashine mkononi. Saa moja na robo ikifika, nataka niandike kwenye karatasi ya daktari maneno yaleyale: nyumbani, nimekaa, nakunywa chai. Na wewe wakati huo uwe umekaa mahali pako, Baba, upande wa mwalimu, umefunga mkanda, unapiga kelele "kioo!" mpaka wajukuu wazibe masikio.

Mimi mwanao mtiifu, mara hii kwa kukataa,
Kitinda mimba wako,
Mama Breki